Rangi ya Sita

Mama Antena anasema Kijiko alitapika upinde wa mvua mzima. Anasema aliona kwa macho yake mwenyewe, kasimama mlangoni na beseni lake: mtoto aliinama kwenye kizingiti cha bibi yake, akakohoa, na rangi zikatoka moja baada ya nyingine kama askari wa gwaride, nyekundu imetangulia, zambarau imefunga msafara. Hata kuchanganyika hazikuchanganyika.

"Kila moja na mstari wake," alisema, akichora hewani kwa kidole chenye povu. "Mimi nimezaa sita, nimefuta matapishi ya kila namna. Ya kujipanga vile sijawahi kuyaona."

Ilikuwa Jumapili, na wanawake waliokuwa bombani walisahau ndoo zao zikifurika.

"Sasa hizo rangi zilitoka wapi?" mmoja aliuliza.

"Rangi ni za shule, hazina neno, watoto wanazichezea tu. Kilichomuumiza ni maziwa. Mwalimu mwenyewe kasema. Yule bibi si mnamjua, jicho moja lina mtoto wa jicho, la pili linalisindikiza tu. Kampa mtoto maziwa yaliyolala akidhani mazima."

Dada Sabuni alikuwa wa tatu kwenye foleni. Jina hilo alipewa na watoto wa chekechea alikofanya kazi, maana yeye ndiye aliyewanawisha mikono, akawafuta pua, akawapeleka chooni na kuwarudisha wakiwa wakavu. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Alisikiliza, jicho lake likiwa kwenye mlango wa pili kutoka bombani. Pazia la mlango ule lilikuwa limeshushwa, na chini yake ilionekana miguu miwili mikavu, imetulia tuli. Bibi yake Kijiko alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisikia kila kitu.

Kilichomchafua roho Dada Sabuni si chumvi ya Mama Antena. Mama Antena bila chumvi angebaki na nini? Kilichomchafua ni yale maziwa. Chumba cha bibi hakikuwa kimeona maziwa kwa muda mrefu. Yeye Dada Sabuni ndiye aliyempitia mtoto kila asubuhi wakaenda pamoja, na asubuhi ile ya Ijumaa alimkuta anamalizia mkate na chai ya rangi. Tena matapishi hayakuwa na rangi saba. Yalikuwa na rangi moja, nzito, isiyo bluu wala zambarau, kama maji ya kufulia sare mpya. Alijua kwa sababu ndiye aliyeyafuta, huko shuleni: sakafuni, mezani, na shingoni mwa mtoto yalikoshuka mpaka ndani ya nguo.

Akajaza ndoo yake, akapita karibu na lile pazia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Baba yake anakuja kesho na lori. Kaniambia kama ni kweli, atampeleka kwa shangazi yake."

Dada Sabuni alimjua huyo shangazi. Alikuja mara moja tu kumtazama mtoto, na siku nzima hakumwita jina wala hilo la utani. Alimwita "mzigo wa kaka". Wakati wa chakula alimtoa nje na sahani yake akala ngazini, kwa kuwa, alisema, mtoto anayekula kwa kelele vile anamtia kinyaa. Mama yake Kijiko alishatangulia mbele ya haki, na bibi ndiye aliyembeba tangu hajaota jino. Wawili wale walikuwa mtu mmoja: mmoja alikuwa na macho, mwingine alikuwa na akili.

*

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu ya wiki ile, Madam, mwalimu mwenye shule, alipotundika kitambaa getini: Wiki ya Upinde wa Mvua, Likizo ya Kujifunza kwa Kucheza. Shule ilikuwa nyumba ya kupanga. Sebule ndiyo darasa, chumba cha kulala ndiyo ofisi, na chini ya dirisha la jiko kulikuwa na stoo ambayo mtu mzima huingia kwa kuinama.

Madam alimpa Dada Sabuni ufunguo. "Mdogo wangu, nitolee ule unga wa kuchezea. Ndoo saba. Ukande, upate uhai."

Unga huo ulikandwa likizo ndefu iliyopita kwa unga wa ngano, chumvi, mafuta na rangi za keki. Watoto wa likizo ile waliufinyanga kwa mikono iliyotoka puani, kisha ukarudishwa kwenye ndoo ndogo za siagi, ukafunikwa na kusahauliwa nyuma ya mapazia ya zamani.

Kifuniko cha kwanza kilitoa pumzi. Dada Sabuni alirudi nyuma, akagonga kichwa kwenye dari. Harufu ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, kama kinywa cha mtu aliyelala na peremende. Nyekundu ilikuwa imeota ndevu za kijivu. Njano ilikuwa imetoa ute pembeni, unavutika ukiugusa. Ndani ya kijani kulipita unywele mrefu kama uzi ndani ya shanga. Bluu ilikuwa na alama za meno ya mtu mdogo, zimeganda vizuri kabisa. Na katika ile ya sita, nili, inayokaa kati ya bluu na zambarau, alipokwangua utando wa juu, alikuta jino lenyewe. Jino la utotoni, dogo, limekaa humo kama punje ya mchele.

Akalipeleka ofisini kwenye kiganja.

"Madam, unga umeota ukungu. Na kuna hili."

Madam aliinua macho, akayashusha. "Ukungu uko juu tu. Kwangua, chini ni mzima. Chumvi haiozi."

"Na jino?"

"Si umeshalitoa?"

Basi akakwangua. Ngozi ya kijivu ilianguka kwenye pipa vipande vipande, ikatua bila sauti. Akakamulia malimau, akatia rangi mpya, akakanda ndoo moja baada ya nyingine, unga ukimpitia katikati ya vidole, wa baridi, unaong'ang'ania. Ndoo ya nili tu ndiyo hakuikanda, kwa sababu chupa ya nili haikuwepo. Dukani wanauza bluu, wanauza zambarau. Nili mtu huichanganya mwenyewe, akiweza. Akaikwangua juu, akaifunika, akairudisha stoo. Alinawa kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Jioni, alipomega chakula chake, harufu ilikuwa bado imekaa chini ya kucha, akasukuma sahani.

Rangi hiyo ya nili ilikuwa donda la Madam. Likizo iliyopita baba mmoja mwenye miwani alisimama mbele ya upinde wa karatasi ukutani, akahesabu kwa kidole, kisha akauliza mbele ya wazazi wenzake kama shule hii inafundisha upinde wenye rangi sita. Wenzake wakacheka. Tangu siku ile Madam angeweza kukosa chaki, angeweza kukosa maji, lakini si nili.

Wiki ilikwenda. Watoto walipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, walipaka viganja na kuvigandamiza kwenye karatasi, walivuta kamba za unga na kuzilaza kwenye ubao, moja ndani ya nyingine, mpaka zikawa upinde. Kijiko alikuwa na miaka minne na udadisi wa watu kumi. Jina lake alilipata kwa sababu hakuna chungu ambacho hakukichungulia. Siku ya pili alinusa kamba yake ya njano, akaitoa mbali na uso.

"Madam, kunanuka."

"Upinde haunuki," Madam alisema. "Sema: kunapendeza."

"Kunapendeza," alisema Kijiko.

"Wote."

"Kunapendeza," waliitikia wote, na mmoja alikuwa amebana pua, sauti yake ikatoka kama ya bata.

Kitu kimoja tu kilikuwa safi wiki ile. Alhamisi Madam aliweka glasi ya maji dirishani, jua likapita ndani yake na upinde mdogo ukaanguka sakafuni, unatetemeka. Kijiko alichuchumaa akajaribu kuuokota. Ulipomshinda aliuliza, "Dada Sabuni, nili iko wapi?" Dada Sabuni naye akachuchumaa. Wakatazama pamoja, vichwa vimegusana. Bluu waliiona, zambarau waliiona. "Imejificha," akasema. "Inaona haya."

*

Ijumaa ilikuwa siku ya upinde wa kula, na ya mpiga picha. Madam alikanda vidonge vitamu vya sukari na maziwa ya unga, akavitia rangi, akavipanga kwenye vikombe vya karatasi, vile vya keki. Vikapendeza kweli. Lakini zambarau ilimaliza tone la mwisho la chupa, na alipokuja kuchanganya nili hakuwa na cha kuchanganyia. Alitikisa chupa. Aliipindua, akaigonga kisigino. Huko nje mpiga picha alikuwa ameshafika, anasafisha kioo cha kamera kwa pindo la shati.

Dada Sabuni alikuwa jikoni anachota maji alipomwona Madam akitoka stoo ameinama, na bonge dogo kwenye kiganja. Akalikatakata, akaviringisha vidonge, kisha akavigaragaza kwenye sukari. Sukari ilishika vizuri, kwa sababu ya ule ute.

"Madam, hiyo si ya ndoo?"

"Ya picha tu."

"Mtoto akiila?"

"Nani anayependa nili? Wenyewe wanakimbilia nyekundu." Akapangusa kiganja kwenye taulo la kufutia watoto nyuso. "Nenda kawanawishe, mpiga picha ana haraka."

Waliwapanga kwa rangi. Mtoto wa fundi cherehani, ambaye nguo zake zilimkaa kama za mtu kwenye kalenda, aliwekwa nyekundu, mbele kabisa. Kijiko alikuwa na gauni lililochuja na kifungo kimoja cha rangi nyingine, maana bibi alikishona kwa kupapasa. Madam alimtazama juu mpaka chini. "Wewe kaa huku pembeni, nili. Huku hakuna atakayekuona vizuri."

Hayo yote yangepita. Lakini mpiga picha hakuambiwa kitu. Yeye alitaka picha yenye uhai.

"Haya wanangu, kila mtu aonje rangi yake, halafu tucheke. Moja, mbili."

Kijiko alikuwa mtoto wa kuuliza kwanza. Aligeuka kumtafuta Dada Sabuni, kidonge kiko mdomoni nusu. Dada Sabuni alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeshika pua ya mtoto mwingine kwenye kitambaa. Alisema, "Kijiko, hapana," na mwanga wa kamera ukapiga neno hilo likiwa bado hewani. Mtoto alitafuna. Uso ukamkunjamana wote, macho yakatoka maji. Kisha akakumbuka kwamba ameambiwa acheke. Akameza, akacheka, meno yote yamekuwa meusi.

Alitapika kabla picha ya pili haijapigwa.

"Kitambaa, kitambaa," alisema Madam, akavuta kitambaa cha meza kabla hajamvuta mtoto.

Dada Sabuni alimbeba Kijiko mpaka kwenye beseni. Mtoto alikuwa wa moto, anatetemeka, na kila kilichotoka kilinuka ile stoo. Huku nyuma alisikia viti vikiburutwa, meza ikipanguswa. Walipanga upya, bila Kijiko. Kikombe cha nili alipewa mtoto wa fundi cherehani akishike kwa mkono wa kushoto.

"Wewe usionje hicho," Madam alimwambia, kwa upole kabisa, akimweka sawa kola. "Shika tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokaa rohoni mwa Dada Sabuni kuliko harufu, kuliko jino. Usionje. Shika tu. Aliyarudia kimoyomoyo akimsuuza Kijiko shingo, na kila alipoyarudia alisikia mate yakimjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayokuja kabla ya kutapika.

Baadaye alimsikia Madam kibarazani, simu sikioni, sauti imepakwa asali. "Pole sana, baba. Hapana, hapa hakula kitu. Nadhani ni maziwa ya nyumbani. Bibi wa watu umri umekwenda, haoni anachomimina." Akakata simu, akageuka, akamkuta Dada Sabuni amesimama na mtoto mgongoni.

"Si uliona mwenyewe alivyokuja amelegea asubuhi?" Madam alisema.

Dada Sabuni alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaondoka naye.

*

Baba yake Kijiko alifika Jumatatu kabla watoto hawajamaliza kunawa. Alikuwa na macho mekundu ya safari na mikono yenye grisi isiyotoka. Bibi alikuja naye, ameshikwa mkono na Kijiko, ambaye homa ilikuwa imemwacha na shingo nyembamba. Madam aliwakaribisha sebuleni, chini ya upinde wa karatasi. Rangi saba. Picha mpya ilikuwa imeshabandikwa katikati, watoto wanacheka.

"Wewe hukutokea?" baba alimuuliza binti yake.

"Nilitoka," alisema Kijiko.

Madam akaingilia kati. "Baba, hapa kwetu ni usafi mtupu. Ukitaka kulia chakula sakafuni, karibu. Simlaumu bibi. Ni mapenzi tu, lakini mapenzi bila macho, unajua tena."

Baba alimgeukia mama mkwe wake. Alisema kwa heshima, lakini alikuwa ameshachoka kabla ya kuanza. "Mama, ulimpa nini siku ile?"

"Mkate na chai ya rangi, mwanangu. Kama kila siku."

"Una hakika haikuwa na maziwa?"

"Sioni, ni kweli," alisema bibi. "Lakini pua ninayo."

"Unaona, baba?" Madam alisema. "Hana hakika. Na mtoto ni wako, amua mapema. Hata shangazi yake nasikia yuko tayari. Kama huniamini mimi, muulize huyu, ndiye anayemleta kila siku. Mdogo wangu, mwambie baba mtoto alikuja katika hali gani."

Wote walimtazama Dada Sabuni. Alikuwa na taulo begani, lile lile. Ndugu zake walizoea kumcheka kwamba akiulizwa kitu jioni hujibu asubuhi, na kweli maneno yalikuwa hayamjii haraka. Akajikaza kisabuni.

"Alikuja anaimba," akasema. "Alikuja anaruka mitaro."

Kisha akatoka.

"Unakwenda wapi?" Madam aliita. "Nimekuuliza, unakwenda wapi?"

Alirudi na ndoo ndogo ya siagi, akaiweka kwenye meza ya katikati, kando ya simu ya Madam, akafunua kifuniko. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Baba alirudisha kichwa nyuma, akafunika pua kwa mkono wenye grisi, akaona grisi ni afadhali. Ndani, nili ilikuwa imeota ndevu tena, na pale ilipomegwa palibaki shimo linalong'aa.

Kijiko alijificha nyuma ya sketi ya bibi. "Ndiyo hiyo," alisema kutoka huko. "Yule wa kamera alisema tuonje."

"Aliigaragaza kwenye sukari," Dada Sabuni alisema. Akaisogeza ndoo karibu na baba. "Unga huu wote mimi ndiye niliyeukwangua, nao unanitia kinyaa mpaka leo. Lakini vidonge aliviringisha yeye."

Uso wa Madam ulibadilika, ukarudi mahali pake. Akacheka kidogo. "Jamani. Hivyo ni vifaa vya kujifunzia. Ni unga na chumvi tu, baba, hakuna sumu humo. Imekaa kidogo, sawa, lakini haidhuru mtu. Hata mtoto akionja kwa bahati mbaya, haina neno. Tumbo lililochafuka siku ile lilichafuliwa na maziwa."

Baba alimtazama Madam, akamtazama bibi. Hakujua amwamini nani, na kichwa cha lori kilikuwa kinanguruma nje, kimeachwa kikiwaka.

Bibi alinyoosha mkono. Alipapasa meza mpaka akapata ukingo wa ndoo, akaivuta kwake, akainamisha uso. Alivuta pumzi mara moja. Midomo yake ilikazana, akakaa hivyo kama mtu anayezuia kitu kisipande.

"Haina neno?" aliuliza.

"Haina neno kabisa, bibi."

"Mtoto akila, hapati kitu?"

"Hapati kitu. Nakuhakikishia kama mwalimu."

"Vizuri." Bibi aliinyanyua ndoo kwa mikono yote miwili. "Basi, mwalimu, nina ombi moja. Onja. Sikuombi bonge, ncha ya kidole tu, kidogo kuliko alichokula mwenzio wa miaka minne. Ukionja ukameza, nguo za mjukuu wangu nimeshazikunja, ziko tayari. Baba yake atamchukua leo, na mimi sitasema neno."

Kutoka uani ilisikika sauti ya watoto wakinawa, maji yakimwagika, mmoja akimshitaki mwenzake. Mkono wa Madam ulikuwa umeshainuka kufunika pua, nao ukabaki huko. Baba alimgeukia, anangoja. Bibi aliishika ndoo mbele yake, uso wake umeelekea pale sauti ya mwalimu iliposikika mara ya mwisho.

"Mwalimu," alisema. "Upo?"